Rangi Iliyoshuka Ukutani

Jumanne saa tatu asubuhi, Bi Tuvesson, mgawanyaji mali aliyeteuliwa na mahakama, alivua viatu mlangoni, akavipanga juu ya gazeti, akaingia jikoni kwa soksi. Solveig Hallin alikuwa ameandaa kahawa na biskuti aina saba, maana mgeni ni mgeni hata akija kukugawia nyumba yako. Sixten, mumewe kwa miaka thelathini na moja, ambaye sasa walikuwa wakitalikiana, alikuwa ameshaonja aina tatu.

Bi Tuvesson akatoa vifurushi vitatu vya stika. Kijani ni mali ya ndoa, inakatwa nusu kwa nusu. Njano ni mali ya Sixten peke yake. Buluu ni ya Solveig peke yake.

"Mimi nabandika, nyinyi mnakunywa kahawa," alisema. "Mwenye la kusema aseme na karatasi mkononi."

Karatasi ndiyo iliyomponza Solveig. Baba yake Sixten alipompa mwanawe nyumba hii, aliandika kwenye hati ya zawadi mstari mmoja tu: iwe mali yake binafsi, mke asihesabiwe humo. Hati ikasainiwa, majirani wawili wakashuhudia, ikafungiwa benki. Mama yake Solveig naye alimpa binti yake mtambo wa kufumia mazulia, lakini alimpa kwa mdomo, huku akimenya viazi. Katika nchi ambayo hata kufua nguo kuna daftari la zamu, mama wa watu alikosea sana. Mtambo ukapigwa stika ya kijani, na nusu yake ikawa ya Sixten, asiyejua hata kushona kifungo.

Solveig hakutaka vijiko wala boti. Alitaka nyumba, au kipande chake, hata chumba kimoja cha uani, kwa sababu yeye ndiye aliyeizuia isioze. Kila baada ya miaka kumi alipanda ngazi akapaka kuta zote nne rangi nyekundu. Bega lake la kulia lilianza kuuma alipomaliza ukuta wa kaskazini mara ya tatu, na halijaacha mpaka leo. Sixten kazi yake ilikuwa kushika ngazi. Mara nyingine aliishika kwa mguu, mikono ikiwa na gazeti.

"Nyumba nzima, mara tatu, dada yangu," Solveig alimwambia mgeni. "Hiyo haina stika?"

"Kazi haina stika," alisema Bi Tuvesson, wala si kwa ubaya. "Rangi inafuata ukuta, na ukuta unafuata hati."

Akavaa viatu, akatoka nje, akabandika stika ya njano kando ya mlango. Ndipo rangi ikashuka.

Ilianzia chini ya paa na kuteremka polepole kama shuka linaloanuliwa, tabaka zote tatu kwa pamoja, ikipinda kwenye madirisha ili isikwaruze vioo. Stika ilibaki hewani kidogo, kisha ikajibana kwenye ubao mtupu. Rangi ikajikunja vizuri kwenye nyasi, ikajivuta mpaka miguuni pa Solveig, ikatulia hapo. Nyumba ikabaki ya kijivu.

Sixten aliitazama akiwa na kikombe mkononi. "Ebo! Na mvua imetangazwa Alhamisi."

"Mimi sijaigusa," Solveig alisema.

"Nani kasema umeigusa? Nasema kuna mvua."

Jirani alipita na mbwa wake, akasalimu, akasema anaona wameamua kubadilisha rangi, na kwamba kijivu si mbaya. Sixten akaleta nyundo na misumari, akairudisha rangi ukutani. Ikashuka tena, safari hii na misumari yake. Bi Tuvesson alikaa kwenye ngazi za mlangoni, akafungua kitabu cha sheria juu ya magoti.

"Basi sasa ni mali inayohamishika," alisema hatimaye. "Ilinunuliwa lini?"

"Ndani ya ndoa," Sixten akawahi kujibu.

"Basi ni kijani."

"Hebu ngoja nielewe," alisema Solveig. "Ikiwa ukutani, yote ni yake."

"Ndiyo."

"Ikishuka, nusu ni yake."

"Ndiyo."

"Na ikinifuata mimi mwenyewe, kwa hiari yake?"

Bi Tuvesson alipekua kitabu mbele na nyuma. "Sheria haijafikiria hilo."

"Mimi nachukua upande wa kusini na wa magharibi," alisema Sixten. "Pande hizo hazijaliwa na ukungu."

Wagawanyaji mali wa huku hutembea na mkasi. Bi Tuvesson akakata kwa kufuata pembe za nyumba, akabandika, akaandika. Solveig alilia kidogo, kwa hasira kuliko huzuni, kisha akammiminia mgeni kahawa nyingine, kwa kuwa kikombe chake kilikuwa kitupu.

Mwisho wa mwezi alihamia mjini, ghorofa ya pili. Rangi ilimfuata kwa basi, ikakaa kiti cha nyuma. Ilipofika ilipanda kuta mbili za sebule bila kuombwa. Kamati ya jengo ikamwandikia barua ya heshima kuuliza kama rangi nayo ina mpango wa kutumia chumba cha kufulia cha jengo.

Mwezi wa tano Sixten alipiga simu. "Solveig, mbao zinaoza huku. Ile nusu yangu haitaki kutoka bandani. Hivi ulikuwa unaichanganyaje rangi?"

"Unga wa shayiri na maji, unachemsha, ndipo unatia rangi yenyewe."

"Na ngazi atanishikia nani?"

"Ishike kwa mguu. Si umezoea?"

Wiki hiyohiyo hati ya mgawanyo ilifika, kurasa kumi na moja, nyumba ikiwa ukurasa wa kwanza, ya njano. Ndani ya bahasha mlikuwa na kifurushi cha stika za buluu, hakijafunguliwa, na kikaratasi cha Bi Tuvesson: "Hizi zilitengwa kwa ajili yako. Zimebaki zote."

Solveig akafungua kifurushi, akazunguka chumba na stika moja kidoleni. Kitanda kilikuwa cha kijani. Sufuria zilikuwa za kijani. Mtambo wa mama yake aliukomboa kwa kumwachia Sixten gari, na bado miguu ya mtambo ilikuwa na stika ya kijani. Mwishowe akashusha kola ya gauni, akajibandika stika kwenye bega la kulia, akampigia Bi Tuvesson kuuliza kama inaruhusiwa.

Karatasi zilisikika zikifunuliwa kwa muda mrefu. "Bega halikuorodheshwa," alisema Bi Tuvesson. "Sixten hakulidai."

"Na maumivu yake?"

"Hayo ni yako yote. Hayagawanywi."

Solveig akamshukuru, akakata simu. Stika ilishika barabara, na haikubanduka hata alipooga.