Bibi Aliomba Matunda

Mama anayeziba mlango mmoja wa nyumba ili mtoto azoee kupita mwingine, na asikie habari za Marietha, mke wa Alute, kabla hajamaliza kukanda udongo.

Marietha alisoma mpaka darasa la nne tu, enzi za mkoloni, katika shule iliyokuwa na mfupa. Mfupa wenyewe ulikuwa wa goti la ng'ombe, umetobolewa na kutiwa kamba ya katani. Mtoto akiponyokwa na neno la Kinyaturu, lugha ya kwao, uwanjani alivishwa, akakaa nao shingoni mpaka amsikie mwenzake akikosea, naye amvishe. Marietha aliuvaa kuliko wote. Wenzake wakamwita Mama Mfupa. Siku alipoacha shule aliapa kwamba atakayemzaa, shingo yake haitaguswa na kamba ile.

Kwa hiyo alipompata Theodora, alimbembeleza kwa Kiswahili na kumkaripia kwa Kiswahili. Kilikuwa Kiswahili cha darasa la nne, kimejaa matundu kama ungo mkuukuu, lakini alimpa chote alichokuwa nacho. Na mtoto wa jirani aliyetaka kucheza naye alitakiwa aongee Kiswahili au arudi kwao. Alute, baba mtoto, alikuwa kibarua wa reli kule Manyoni, na alipokuja likizo hakuona ubaya.

"Hii ndiyo lugha ya kazi," alisema. "Kule relini Mgogo, Mnyamwezi na Mnyiramba tunanyanyua chuma kimoja, na anayehesabu anahesabu kwa Kiswahili. Usipoelewa, kinakuangukia mguuni."

Hapo Alute hakukosea. Nchi ilikwishapata uhuru, na Kiswahili ndicho kilichokuwa kinafungua milango ya ofisi. Tabu ilikuwa Bibi.

Mama yake Alute aliishi ng'ambo ya kilima, na Kiswahili alikijua neno moja tu, alilolisikia mnadani. Akija kumwona mjukuu, kibuyu cha maziwa mkononi, alisimama mlangoni, akainamisha kichwa na kusema, "Shikamoo!"

Mtoto naye, mdogo hata kuchota maji hajaanza, akaitika, "Marahaba, Bibi."

Majirani walianguka kwa kicheko. Bibi naye alicheka, akidhani amepatia. Kisha alimkalisha mtoto mapajani na kumwaga maneno ya kwao, marefu, yenye kupanda na kushuka, huku Theodora akimtazama mdomo kama mtu anayetazama mvua ya kijiji cha pili.

"Mama, Bibi anasema nini?"

"Anakusalimia. Nenda kacheze."

Hadithi, mafumbo, majina ya waliokufa, yote Marietha alimtafsiria mwanawe hivyo hivyo. Anakusalimia.

Hakukosa wa kumwonya. Mwalimu Paskali, mgeni wa kutoka Bukoba, alikuwa anajifunza Kinyaturu kwa wanafunzi wake, nao wakimcheka mpaka machozi. Siku moja alimfuata Marietha zizini.

"Mama Theodora, Kiswahili niachie mimi, ndiyo kazi yangu. Wewe mpe lugha ya bibi yake."

"Ya bibi yake itampa mshahara, Mwalimu?"

"Kiswahili kitampeleka kazini. Akifika huko kazini atawakuta watu. Mwenye mikono miwili hakatwi mmoja ili ule mwingine upate nguvu."

"Wewe hukuvaa mfupa."

"Nilivaa. Kwetu ulikuwa ubao."

Marietha akajifanya kusikia mbuzi wake anamwita. Mwalimu alipowaomba wazee waje shuleni Jumamosi kuwasimulia watoto kwa lugha yao, watoto wa jirani walikwenda. Theodora hakwenda. Kila Jumamosi kulikuwa na nguo za kufua.

Theodora alifaulu darasa la saba, akachaguliwa kusomea uuguzi. Mwaka wa operesheni, watu walipohamishwa kuja kukaa pamoja, Bibi naye aliletwa kutoka ng'ambo ya kilima na vyungu vyake, akajengewa karibu na nyumba ya mkwewe. Kijiji kikapata zahanati, na zahanati ikapata Theodora, gauni jeupe limepigwa pasi mpaka linasimama lenyewe. Marietha alichinja jogoo. Bibi aliligusa gauni lile kwa ncha ya kidole, akamsalimia mjukuu wake, "Shikamoo!"

Furaha haikudumu. Wazee walianza kuja, na kila mmoja na lugha yake moja tu, Kinyaturu. Theodora aliuliza, "Panauma wapi, Mama?" Ajuza mmoja akajibu kwa maelezo marefu, tangu maumivu yalivyoanza wakati wa palizi mpaka yalivyohamia mgongoni. Theodora aliokota pale tu mkono ulipogusa.

"Tumeletewa Mswahili," wakasema kisimani.

"Mswahili wa wapi? Si wa Marietha yule?"

"Basi Marietha amezaa mgeni."

Marietha akageuka mkalimani. Kila asubuhi alikaa kwenye benchi la zahanati, akipokea maneno huku na kuyapeleka kule. Kwa akina mama ilisaidia. Lakini Mzee Manase, aliyekuwa na shida ya haja ndogo, alimtazama Marietha, akamtazama binti, akachukua fimbo yake na kurudi nyumbani na ugonjwa wake.

Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Lazaro, akamwita Marietha pembeni.

"Mama Theodora, zahanati ni ya kijiji, si ya nyumba yenu. Jumapili kikao kitaamua. Kama binti hawezi kuwasikia wazee bila wewe, tutaomba tuletewe mwingine. Na zamu zako za shamba la ujamaa zimelala."

Tangu hapo Marietha hakupata usingizi. Mtoto amesomeshwa, amerudi, na sasa aondolewe nyumbani kwao kwa sababu ya ulimi aliopewa na mama yake? Akaazimia kwamba kabla ya Jumapili watu wamwone Theodora akifanya kazi peke yake.

Siku aliyoichagua, Bibi aliamka kifua kimembana. Marietha alimwongoza mpaka zahanati, akamlaza. Theodora alimpima, akampa dawa, akamfunika shuka. Bibi alisema kwamba kifua kinaachia kidogo.

"Nikae?" Marietha akauliza.

"Nenda, Mama. Ukikaa hapo tena leo, Jumapili watasema nini?"

Akaenda. Kijiji kizima kilikuwa shambani kikipura mtama wa ujamaa, watu wakiimba, makapi yakipaa. Marietha alipura, lakini moyo ulikuwa unamvuta nyuma kama ndama aliyefungwa kamba. Jua lilipofika utosini alitupa fimbo ya kupuria, akaondoka bila kuaga.

Alikuta mlango wa zahanati uko wazi. Ndani hapakuwa na mtu ila Bibi kitandani, macho yametazama darini, mkono mmoja umening'inia nje ya shuka, kiganja wazi. Marietha aliushika. Hakuwahi hata kupiga yowe. Nje alisikia miguu inakimbia.

Theodora aliingia anahema, jasho linamtoka, anacheka. Mkononi alikuwa na sahani ya papai lililokatwa vizuri, mbegu zimetolewa.

"Mama! Bibi amepata nafuu! Amenikamata mkono kwa nguvu hivi, anasema matunda, matunda. Nikasema mgonjwa akitaka kula amepona. Nimekimbia mpaka bustani ya shule, nimewabembeleza mpaka…"

Akauona uso wa mama yake.

"Alisema nini?" Marietha akauliza.

"Matunda. Mara nyingi. Nikamwambia ngoja, Bibi, nakuletea. Hakutaka kuniachia, Mama. Nikambandua vidole kimoja kimoja."

Basi ikawa kwamba neno la kwanza la Bibi ambalo Marietha alimtafsiria mwanawe kwa ukamilifu, lilikuwa hilo.

"Alikuwa anasali, mwanangu. Wazee wetu wanamwita Mungu Matunda, Muumbaji. Alijua anakufa. Alikuwa anamwita Mungu, na wewe alitaka umshike mkono."

Theodora aliliangalia lile papai. Akaliweka chini sakafuni, taratibu, kama mtu anayelaza mtoto, akapiga magoti, akautia mkono wake katika kile kiganja kilicho wazi. Kilikuwa kimeshapoa.

Msibani watu walilia kama inavyopasa. Lakini Dorkas, jirani ambaye ulimi wake hauna mlango, alisema akiosha vyungu, "Mtu kaomba Mungu, kaletewa papai." Wengine walicheka, wakaziba midomo. Neno likatoka uani, likafika kisimani, likaingia kwa watoto. Theodora akipita na gauni lake jeupe, lilimfuata.

Jumapili Mzee Lazaro hakumlaumu mtu. Mwalimu Paskali alisimama akasema shule ina jengo na kijiji kina wazee, darasa la Kinyaturu lianze, na muuguzi awe wa kwanza kukaa kwenye dawati. Watu wakakubali. Mzee Manase mwenyewe akasema, "Nitakuja kumfundisha. Mradi aanze na magonjwa ya wanaume, mke wake Alute asiwepo." Watu wakacheka, na kwa dakika hiyo Marietha akaona amepona.

Theodora akainuka. "Naweza kujifunza, wazee wangu. Lakini kila nikishika mkono wa mgonjwa hapa, nasikia vile vidole. Nimeshaomba uhamisho mwenyewe."

Akapangiwa Manyoni, karibu na reli, ambako wagonjwa ni wa makabila mengi na wote wanakutana kwenye Kiswahili.

Mama mwenye mtoto mdogo, Kiswahili hakikumdhuru mtu. Mpeleke mwanao shule akakisome, akijue kuliko wewe, kimlishe. Lakini jioni mrudishe kwa bibi yake. Na shule ikiwaita wazee Jumamosi, nguo zitasubiri. Usingoje, kama Marietha, kujua thamani ya ulimi siku ya kusindikiza.

Siku hiyo lori la kwenda Manyoni lilisimama mbele ya ghala la kijiji, injini ikinguruma. Theodora alikuwa amekwishapandisha sanduku lake. Akainama kutoka juu ya gari, akamshika mama yake mkono. Na Marietha, ambaye kwa miaka yote ile alichunga ulimi wake mbele ya mtoto, akashindwa. Maneno yalimfumka kwa Kinyaturu, yote, marefu, yenye kupanda na kushuka: baraka, majina ya waliokufa, nisamehe, rudi, mwanangu, rudi.

Theodora alimsikiliza mpaka mwisho, akimtazama mdomo. Akatabasamu, machozi yanamtiririka.

"Najua, Mama," akasema. "Unanisalimia."

Lori likaondoka.