Mjane wa Mfano

Evelina alikuwa amefundisha katekisimu katika mtaa wa Kirumba, kando ya ziwa, kwa miaka ishirini na mbili. Shule aliishia darasa la saba, lakini watu wazima waliojiandaa kubatizwa walimpenda, kwa sababu hakuwa mtu wa kulikwepa swali. Asipolijua jibu, alisema hajui, akaenda kulifikiri.

Swali lililomsumbua kuliko yote aliletewa na Akumu, mwanamke aliyeanika na kuuza dagaa katika soko la samaki la Mwaloni. Mumewe, Otuoma, alikufa maji baada ya mtumbwi kujazwa mzigo kupita kiasi. Mwenye mtumbwi alionywa, akapuuza. Mwaka mmoja baadaye alimtumia Akumu ujumbe: ameungama, Mungu amemsamehe, basi Akumu naye amsamehe.

"Mwalimu," Akumu alimwambia Evelina, akilia, "aliyezama ni Otuoma. Sasa Mungu amemsamehe yule mtu kwa niaba ya nani? Otuoma ameulizwa?"

Evelina alilifikiri swali hilo wiki nzima. Alhamisi ikafika, na Alhamisi ilikuwa siku ya Daktari Alexander.

Alexander alifundisha falsafa katika chuo kimoja cha dini upande wa Ilemela. Alisomea Ulaya, lakini hakuwa na maringo. Kwa miaka sita alikuwa akija kwa Evelina kula sato na ugali, kisha wakibishana hadi chai ipoe: kama Mungu anajua kila kitu, sala ni ya nini; je, wema ni wema kwa sababu Mungu kaamuru, au kaamuru kwa sababu ni wema. "Dada, wewe ni mwanafalsafa," alikuwa akimwambia. Evelina alicheka kila mara, ila maneno hayo aliyaweka moyoni.

Alhamisi hiyo alimsimulia habari za Akumu, kisha akasema alivyoona yeye: Mungu husamehe dhambi aliyotendewa Mungu, lakini hampokonyi marehemu haki yake ya kusamehe akaitumia mwenyewe.

Alexander aliacha kula. "Huyo mjane yuko sahihi," alisema. "Na wewe umeona mbali." Akatoa daftari, akaandika.

Miezi minne baadaye chuo kiliandaa kongamano la imani na akili, na Alexander akamwalika. Evelina alivaa kitenge kipya, akakaa nyuma.

Kwanza palizuka ubishi. Padri Antoni, mwalimu wa teolojia, alisema msamaha ni suala la teolojia na wanafalsafa wamevamia shamba la watu. Alexander akamjibu kwamba mtu akiuliza tu msamaha ni nini, ameshaingia kwenye falsafa. Ukumbi ukacheka. Evelina naye alicheka, kwa fahari.

Kisha Alexander akafungua karatasi zake. Akasimulia habari za mjane wa Mwaloni, muuza dagaa, mtumbwi uliojazwa, ujumbe wa mwenye mtumbwi. Hakumtaja jina, lakini Kirumba nzima ingemjua. "Huu," alisema, "ni mfano mzuri wa kosa la akili isiyofunzwa. Mjane anadhani haki ya marehemu inasimama peke yake mbele ya Mungu. Uchungu wake tunauheshimu. Hoja yake haina miguu."

Padri Antoni aliitikia kwa kichwa. Hapo wataalamu wote wawili walikubaliana.

Evelina alijikuta amesimama. Akapewa kipaza sauti. "Daktari, Alhamisi ile ulisema mjane yuko sahihi."

Watu wakageuka kumtazama. Mwenyekiti akauliza kwa upole, "Mama, jitambulishe kwanza. Utaalamu wako ni teolojia au falsafa?"

"Nafundisha katekisimu."

Mwenyekiti akamgeukia Alexander, ambaye alikuwa anapanga karatasi zilizokwisha kupangwa. "Ni katekista wa parokia yetu," Alexander alisema. "Mama mwenye moyo mzuri sana. Tumpigie makofi."

Wakapiga. Makofi yalipokwisha, kipaza sauti kilikuwa kimeshachukuliwa mkononi mwake.

Wakati wa chai alimfuata nje. "Dada, ungesubiri tuongee nyumbani," Alexander alisema kwa sauti ya chini.

"Nyumbani ulisema nimeona mbali."

"Na ni kweli. Lakini ningesimama na hoja ile, Antoni angeniita mzushi. Mwezi ujao wananijadili kupandishwa cheo."

"Ungenyamaza basi. Kwa nini umeigeuza hoja?"

Alexander aliinua kikombe chake, akanywa, na Evelina akaondoka bila kuaga.

Mtu alikuwa amerekodi. Jumamosi sauti ya Alexander ilikuwa imezunguka kwenye simu za Mwaloni, na Evelina alipofika kwenye vichanja vya kuanikia dagaa, wanawake walimpa mgongo. Akumu hakumsalimia.

"Nilikuambia wewe," Akumu alisema. "Sikuwaambia wao."

"Nilidhani yeye anajua zaidi."

"Zaidi ya nani?"

Njia nzima Evelina alikuwa akijihesabu kuwa aliyesalitiwa ni yeye. Sasa aliona kwamba mlango wa usaliti huo aliufungua kwa mkono wake mwenyewe. Na hata hoja aliyojivunia mezani ilikuwa ya Akumu, yeye aliipangia tu maneno.

"Nimekukosea," alisema. "Naomba unisamehe."

"Leo hapana." Akumu aliendelea kugeuza dagaa.

"Basi nipe ruhusa. Darasani tumefika somo la kitubio, la kuungama dhambi. Nataka niwafundishe wanafunzi wangu swali lako kama ulivyouliza, bila kulipinda. Ukikataa, naliacha."

Akumu alimaliza kichanja kizima. "Jina langu usilitaje," alisema mwishowe. "Litaje la Otuoma."

Alhamisi Alexander alibisha hodi. Evelina alimjibu akiwa mlangoni: kama ana la kusema, aende Mwaloni akamwambie Akumu mwenyewe. Alexander alisema ana kikao. Cheo alikipata baadaye, na Alhamisi hakuja tena.

Siku mbili baada ya hodi hiyo, Jumamosi, Evelina alisimama mbele ya darasa. Alisema palikuwa na mvuvi aitwaye Otuoma, akaeleza alivyokufa, akauliza swali, akakiri kwamba yeye hana jibu lote. Akumu alikuwa ameingia bila kuonekana, amekaa benchi la nyuma, kanga imefunika kichwa. Alisikiliza yote. Kabla ya sala ya mwisho aliinuka, akatoka, na Evelina hakuweza kuuona uso wake.