Maji Waliyoyakataa Philadelphia

Habari ile Verlene Stroud aliisikia kanisani, na tangu siku hiyo haikumtoka kichwani: kwamba katika miji mikubwa wako watu wanaowapa wapita njia maji ya baridi yaliyotiwa dawa. Ukinywa mafunda mawili unalegea, unazinduka huna begi, huna viatu, na mtaa ulipo huujui. Aliyeisimulia alisema aliyepatwa na hayo ni binti wa rafiki ya shemeji yake. Jina hakutaja, na Verlene hakuuliza. Nani humdai uvumi cheti cha kuzaliwa?

Bintiye Kaylin, miaka kumi na tisa, alikuwa na wazimu wake wa kiangazi: kuitembea miji kwa miguu. Chicago alishaimaliza, na Cleveland, na Pittsburgh. Ramani zake za karatasi zimejaa mistari myekundu, kila mtaa aliopita. Mwaka huu ilikuwa zamu ya Philadelphia, na mama akasema haendi peke yake ng'o. Akaomba likizo kwenye jiko la shule alikokuwa mpishi, wakapanda basi kutoka mji wao mdogo wa Ohio.

Siku ya pili, asubuhi, redio ikatangaza onyo la joto. Kaylin akacheka.

"Mama, kwetu si tunavuna mahindi kwenye joto kama hili?"

"Kwetu nani anavuna? Wewe tangu lini? Unavuna simu tu."

Wakatoka saa tatu, kila mtu na chupa yake moja ya maji. Verlene alimwonya bintiye anywe kidogo kidogo, maana vyoo vya madukani vina kufuli za namba, na namba hupewi mpaka ununue kitu. "Usijaze kibofu halafu ukaanza kunichezea ngoma barabarani," alisema. Kaylin akatii, akawa analowesha midomo tu.

Kufikia saa saba mchana walikuwa wametoka mtoni na kupanda mpaka mitaa ya kaskazini, kwenye nyumba za matofali zilizobanana ukuta kwa ukuta. Lami ilinata kwenye soli. Chupa zilikuwa tupu zamani.

Kwenye taa za barabarani alisimama mwanamume mnene mwenye deli la barafu. "Maji! Maji ya barafu! Dola moja, dada, kabla hujakaangika!"

Kaylin akatia mkono mfukoni. Verlene akamdaka kifundo cha mkono.

"Hatunywi cha mtu."

"Imefungwa hii, mama," yule mwanamume akasema, akaiinua chupa juu. "Ukifungua, kifuniko kinalia, mwenyewe unasikia."

"Asante. Hatuna kiu."

"Hamna kiu! Mwangalie binti yako midomo ilivyopasuka. Haya, kila mtu na roho yake."

"Tutanunua dukani," Verlene alimnong'oneza bintiye. Lakini duka la kwanza lilikuwa limepigiliwa mbao madirishani. La pili lilikuwa la matairi. La tatu hawakuliona.

Mbele kidogo, bibi mmoja alikuwa amekaa kwenye ngazi za nyumba yake, anajipepea na gazeti. Jirani zake walimwita Bi Odessa.

"Nyie, njooni kivulini! Nina jagi la maji ya limau hapa."

"Tunachelewa, mama," Verlene akajibu bila kusimama.

"Mnachelewa wapi? Mbona mmoja wenu anayumba?"

"Mama, kichwa kinanigonga," Kaylin akasema.

"Vumilia, kituo cha treni kile pale." Verlene akamgusa shavu. Lilikuwa kavu, kavu kabisa, na moyo wake ukatulia. "Umeona? Hata jasho hutoki tena. Mwili umeshazoea."

Kaylin akamtazama kama anayetazama ukuta. "Mbwa amekula?" akauliza.

Verlene akasimama. Mbwa wao alikufa miaka minne iliyopita.

"Kaylin? Mbwa gani, mwanangu?"

Binti akapiga hatua mbili za mlevi, magoti yakakunjika, akaanguka chini kama gunia.

Ukelele alioutoa Verlene hakuutambua kuwa ni wake. Bi Odessa alifika wa kwanza, ndala mguu mmoja, mwingine peku. "Cornell! Lete spana, fungua bomba la zimamoto! Na mtu apige simu ya gari la wagonjwa, upesi!"

"Msimguse!" Verlene alilia, akimkumbatia bintiye. Ngozi ilikuwa ya moto, moto wa kikaango.

"Mtoto anaungua huyu! Shika miguu, au nipishe!"

Akashika miguu. Jirani yake Cornell alikuwa ameshalifungua bomba lile la kando ya barabara, maji yanaruka hadi katikati ya barabara, nao wakamlaza Kaylin humo humo, nguo na viatu. Verlene akaliona jagi la limau pale ngazini, akalikimbilia, akaanza kummiminia bintiye mdomoni. Bi Odessa akampiga kofi mkononi.

"Amezimia! Unataka apaliwe afe? Saa ile nakuita ulikuwa wapi?"

Verlene akaliweka jagi chini.

Hospitalini daktari aliuliza swali moja tu kabla ya mengine: "Jasho lilikauka saa ngapi?" Verlene alilijua jibu. Alikuwa amelifurahia.

Kaylin alizinduka kesho yake alfajiri. Kijiko hakikukaa mkononi. Verlene akamlisha.

"Nilidhani nakulinda," akasema.

"Najua." Kaylin akameza. "Lakini mama, dola nilikuwa nimeshaishika mkononi."

Basi, enyi wazazi wenye watoto ambao miguu yao haitulii, ya kuepuka ni haya:

Kutembea mjini tangu saa tano asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, siku ya onyo la joto.

Kutoka na chupa moja.

Kujinyima maji kwa kuogopa vyoo. Nunua pipi, upewe namba.

Kukataa chupa ambayo kifuniko chake hakijafunguliwa.

Kukipita kivuli ulichokaribishwa.

Kufurahi jasho linapokauka juani. Hapo simama, mmwagie maji, ita msaada.

Kumnywesha aliyezimia.

Kubeba maneno ya watu ambayo hayana mwenyewe.