Tabasamu Walilolisahau

Asubuhi hiyo Visalakshi alikaa kwenye kiti cha chumba cha mapambo, yasmini kichwani, bangili tele za kioo mikononi, akakataa kuinuka. Nje, katika nyumba ya mkulima iliyojengwa kwa mbao na kupakwa udongo ndani ya ukumbi wa studio, watu walikuwa wakimngoja wamvunje bangili, wamfute alama nyekundu ya paji la uso na kumkata mkufu wa ndoa. Ndilo lilikuwa onyesho kubwa la filamu nzima, pale mke anapofanywa mjane. Kesho yake nyumba ile ingebomolewa, kwa kuwa ukumbi ulikwisha ahidiwa watu wengine. Bila onyesho hilo hapakuwa na filamu.

Naye mumewe, Thanikachalam, alikuwa amelazwa hospitalini hapo hapo mjini Madras, mapafu yameliwa na kifua kikuu, na daktari alikuwa haongei tena habari za kupona.

Ubaya ni kwamba katika filamu hiyo hiyo Thanikachalam ndiye Baba Kuyili, mume anayekufa. Wiki iliyopita walimlaza kwenye machela ya mianzi, wakamvika shada la maua, wakambandika sarafu kwenye paji, naye akafa mbele ya kamera vizuri mpaka wapishi waliokuja kuchungulia wakalia. Sasa, hapa Kodambakkam, mtaa wa studio za filamu, kila mtu anajua kwamba mwigizaji aliyecheza maiti haachiwi kwenda zake kabla hajapigwa picha nyingine yu hai, anatabasamu. Picha hiyo haiingii katika filamu yoyote. Ni ya kuiambia kamera kwamba ule ulikuwa mchezo tu, isije ikamweka mtu maiti moja kwa moja. Hata hao wasomi wanaojidai hawaamini mambo haya, wakicheza maiti huulizia tabasamu lao kabla hawajaulizia kahawa.

Lakini siku ile Thanikachalam aliinuka kwenye machela na damu mdomoni. Watu wakakimbia huku na huku kutafuta gari, na tabasamu halikukumbukwa na yeyote. Hata mkewe hakulikumbuka, na ndiye aliyekuwa akimpangusa kidevu.

Mwongozaji Ponnurangam akaja mwenyewe mpaka mlangoni. Walikuwa wamejuana tangu siku za kuzunguka vijijini na kikundi cha maigizo, wakila chungu kimoja, na hakuwahi kumwita kwa jina.

"Dada, watu wanakungoja."

"Kamchukulieni tabasamu lake kwanza. Ndipo mje mnifanye mjane."

Ponnurangam akaeleza, kwa upole kwanza, kisha kwa jasho. Filamu ghafi, ile ya kutia kwenye kamera, hupatikana kwa kibali cha serikali, na kibali kingine hakijatoka. Limebaki kopo moja tu, nalo ni la onyesho hili. Visalakshi alimsikiliza hadi mwisho, kisha akashuka kitini na kumshika miguu, yeye mwanamke ambaye watu walipanga foleni juani kumtazama, mbele ya washonaji na wachana nywele. Mfa maji haachi kutapatapa, wala haoni haya.

"Yeye kamera imemweka maiti," alisema. "Na leo mnataka nimfute kwenye paji langu. Mkifanya hivyo tumekwisha kumzika. Niue kwanza, kaka, ndipo unipige picha."

Ponnurangam akamwinua, macho yamemlowa. Akaenda kunong'onezana na Irudayaraj, mpiga picha, kisha akarudi na kusema haya, twende.

Wodini walimkuta Thanikachalam amekonda hata shuka ilikuwa kama imetandikwa juu ya kitanda kitupu. Alipoiona kamera akauliza kama wamekuja kumwonyesha yeye sinema au yeye ndiye sinema yenyewe. Mkewe alipomweleza aliloliendea, hakumcheka. Aliomba kitana. Visalakshi akamchana, akampaka poda, akamwegemeza kwenye mto. Kwa mara ya kwanza tangu ile siku ya damu aliona njia.

Irudayaraj akaiwasha kamera.

Visalakshi alikuwa amezeekea mbele ya mlio ule. Kamera yenye filamu tumboni hunguruma kwa chini, kama paka anayekula. Hii ililia juu juu, nyepesi, haraka haraka. Ilikuwa tupu. Akamtazama Irudayaraj, akamwona jicho kaling'ang'aniza kwenye tundu na shingo inavuja jasho. Ponnurangam alikuwa akitazama sakafu.

Akafungua kinywa awalaani wote wawili na vizazi vyao. Kabla neno halijatoka, macho yake yakakutana na ya mumewe. Thanikachalam alikuwa amesimama mbele ya kamera miaka mingi kuliko yeye. Naye alikuwa amesikia. Akamtikisia kichwa kidogo sana, kama alivyokuwa akifanya jukwaani mwenzake aliposahau maneno, kumwambia asiharibu, aendelee. Na tabasamu lake halikupungua hata chembe.

"Imetoka?" akauliza.

"Imetoka vizuri, kaka," akajibu Irudayaraj.

"Basi Baba Kuyili amefufuka." Akamgeukia mkewe. "Nenda kazini, mama. Usiwakalishe watu bure."

Garini Visalakshi alimchukia Ponnurangam kwa moyo wake wote, na akajichukia mwenyewe zaidi, kwa kumpa mgonjwa kazi ya kumbembeleza yeye.

Onyesho walilichukua mara moja tu. Wanawake waliocheza majirani walipoanza kumvunja bangili, alitoa ukelele ambao haukuandikwa popote, na mmoja wao akaanguka chini akilia kikweli. Ponnurangam alisahau kutoa amri ya kukata.

Kisha ikafuata desturi, kwani mjane wa mchezo naye haachiwi kwenda hivyo hivyo. Wakamrudishia bangili, maua na alama ya paji, ili apigwe picha akitabasamu, mke wa mtu. Sahani ya unga mwekundu aliileta Ponnurangam mwenyewe.

"Filamu imebaki kidogo, dada. Safari hii imo, naapa kwa wanangu. Nilikukosea."

Visalakshi akasimama mbele ya kamera.

"Itoe," akasema.

"Nini?"

"Hiyo filamu. Itoeni, nione kwa macho yangu."

Irudayaraj akamtazama mwongozaji. Mwongozaji akaitika kwa kichwa. Irudayaraj akalivua kasha la filamu, akaliweka juu ya meza, mbali na kamera, mahali ambapo kila mtu aliliona.

"Sasa washa, kama ulivyomwashia yeye."

Kamera ikaanza kulia ule mlio wake mwepesi, na Visalakshi akatabasamu.