Ukapteni wa Farouk

Kampuni ya Bi Mwanvua ilikuwa miongoni mwa zile zilizozaliwa baada ya serikali kuwaruhusu watu binafsi kurusha ndege. Ilikuwa na ndege moja ya injini mbili na kapteni mmoja, Mashimba. Asubuhi hiyo Mashimba alikuwa akimpima Farouk, rubani msaidizi. Akifaulu, angekuwa kapteni wa pili, na safari za Bukoba zingeanza.

Ndege haikubeba abiria. Walipokuwa wakisubiri ruhusa ya kuruka, Mashimba aliuliza, "Mwendo wa safari utaushika nani? Wewe au mtambo wa kujiendesha?"

"Mtambo, Kapteni. Bosi anasema mkono wa binadamu unakunywa mafuta."

"Ninyi watoto wa mjini, wa Kirumba, mnapenda kuendeshwa."

"Na ninyi wa mashamba ya Kisesa? Maksai wakijua njia ya nyumbani, mwenye mkokoteni si hulala?"

"Hulala. Akiamka, yumo katikati ya pamba ya jirani."

Farouk alicheka. Mbele yao, juu ya ziwa, wadudu walikuwa wamesimama kama nguzo ya moshi, kama ilivyo kawaida yao mwezi unapoandama. Marubani wa Mwanza huwakwepa. Farouk aliwatazama, akakadiria kwamba angepita juu yao. Mara baada ya kuruka aliwasha mtambo wa kujiendesha, akaupangia mwendo wa kupandia, kisha akainamia ramani.

Hawakupita juu yao. Kioo kilipakwa uji wa kijani, na wadudu wakaziba mabomba madogo yanayopima mwendo kwa msukumo wa hewa. Ndege ilipozidi kupanda, hewa iliyonaswa ndani yake ikavifanya vipimo vionyeshe kwamba inakimbia mno. Mtambo ukaviamini, ukainua pua ili kupunguza mwendo, ilhali mwendo wenyewe ulikuwa ukiisha. Usukani ulianza kutetemeka, onyo kwamba ndege inakaribia kuanguka.

Mikono ya Mashimba ilikuwa imekwisha kusogea kwenye usukani wake.

"Mwongo huyu!" Farouk alisema. Alizima mtambo, akashusha pua, akasukuma injini mpaka ndege ikatulia. Aliirudisha Mwanza kwa mkono, akitazama upeo wa macho na vipimo vya injini. Ilitua vizuri.

Bi Mwanvua alikuwa uwanjani. Aliposimuliwa, alimshika Farouk mkono. "Hongera, kapteni wangu!"

"Bado, Mama," Mashimba alisema. "Hajafaulu."

"Hajafaulu! Si ameitoa ndege salama?"

"Ameitoa alikoiingiza mwenyewe. Wadudu aliwaona kabla hatujaruka, akauachia mtambo usio na macho."

"Na wewe hukuwaona?"

"Niliwaona. Anayepimwa ndiye anayeamua."

"Mzee, una roho ngumu. Tangazo la Bukoba limekwisha kusomwa redioni. Nikitafuta mkaguzi mwingine?"

"Mtafute. Saini yangu hutaipata."

Bi Mwanvua akamgeukia Farouk. "Sema basi, mwanangu. Nimlete?"

Farouk alikitazama kile kioo kilichochafuka. "Usimlete, Mama. Niliwaona, nikainamia ramani." Kisha akamwuliza Mashimba, "Tutarudia lini, Kapteni?"

"Siku utakayoniambia, kabla ya kuwasha injini, unakatia kona wapi kuwakwepa wadudu."

Farouk alivua kofia, akaenda kumwomba fundi kitambaa cha kufutia kioo.