Damu ya Wifi

Mama alitaka karatasi. Hakuwa na haja ya ushauri wala dawa. Alitaka karatasi ya maabara yenye muhuri, aiweke mbele ya wazazi wa wifi yangu na kuwaambia, mtoto wenu huyu hapa, mchukueni, mlituozesha mwanamume.

Wifi alikuwa ameanza kuota ndevu. Mwanzo zilikuwa nywele tatu nne kidevuni, akazing'oa kwa kibanio cha nyusi na sote tukajitia hatuoni. Kisha sauti ikaanza kuzama. Alikuwa mwalimu wa chekechea, kazi yake kuwaimbia watoto kutwa nzima, na mwalimu mkuu alimwita akamwambia apumzike kwanza, kwa sababu watoto wanaogopa. Nyumbani kaka yangu, mumewe, akambatiza jina: Bwana Mkubwa. "Bwana Mkubwa, chai iko wapi?" Aliita hivyo hata mbele ya wageni, na Mama alicheka mpaka akashika mbavu.

Mimi na kaka tumetoka tumbo moja, mimi nikiwa wa kwanza, kwa hiyo sitamung'unya maneno. Ana roho mbaya, na hakuiokota njiani.

Basi asubuhi moja tukaenda maabara wote wanne, matumbo matupu kama tulivyoelekezwa, ingawa mwenye kupimwa alikuwa mmoja tu. Mama aliogopa mkwewe atahonga. Mpimaji alikuwa mama mmoja mfupi mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni. Alimfunga wifi mpira mkononi, akatafuta mshipa, akajaza kichupa. Wifi hakuitazama sindano. Alimtazama mumewe, na mumewe alikuwa akijitazama kwenye kioo cha kabati.

Tuseme ukweli, kulikuwa na cha kutazama. Kaka ni mtu wa kunyanyua vyuma. Kwa mwaka mmoja kifua kilikuwa kimemtoka mbele na mikono imejaa, na mtaani walimvika kilemba cha ukoka mpaka akaamini kila neno.

"Nitoe na mimi," akamwambia mpimaji, huku akikunja mkono wa shati. "Homoni ya kiume hiyo hiyo. Uziweke pamoja, Mama aone mwanamume wa kweli na wa kubahatisha."

Mama alicheka. Mpimaji hakucheka, ila alimtoa damu.

Tuliporudi mchana kuchukua majibu, mpimaji aliuliza kama asome mbele ya wote. "Soma kwa sauti," kaka akasema, "hapa wote ni watu wa nyumbani."

"Ya mkeo imepanda," akasema mpimaji. "Ni mara nyingi zaidi ya inavyotakiwa kwa mwanamke."

Mama akapiga makofi. Alipiga makofi kweli, mle ndani, kama aliyesikia mwanawe amefaulu mtihani. Wifi aliinamisha kichwa. Nilimshika goti.

"Yako," mpimaji akamgeukia kaka, "mashine imeshindwa kuisoma. Imepita mwisho wa kipimo."

Sasa ungemwona kaka! Alijipiga kifua, akamtazama Mama, akanitazama mimi, akatafuta hata mtu wa tatu wa kumtazama. "Dada umesikia? Mashine imesalimu amri!"

"Mwili wa binadamu hautengenezi kiasi hicho," mpimaji akasema. "Nyoosha mikono."

Akavaa glavu, akapitisha kidole kwenye mkunjo wa kiwiko cha kaka, pale pale alipomchoma, akakinusa. Kisha akaomba kumchoma tena, safari hii nyuma ya kiganja. Tukasubiri kwenye benchi. Aliporudi mpimaji alisema damu ya pili imesomeka, iko juu lakini ni ya mtu. Ile ya kwanza sindano ilikuwa imepita kwenye mafuta.

"Unapaka homoni," akasema. "Mabegani na mikononi, kila siku. Lakini viganja vyako ni visafi kabisa. Nani anakupaka?"

Wifi aliviinua viganja vyake polepole na kuvitazama.

Nilijua, kila mtu nyumbani alijua. Kila asubuhi kaka akitoka kuoga humwita mkewe amkande kwa mafuta ya bega. Bega linamuuma, maskini. Na wifi humkanda kwa viganja vitupu mpaka mafuta yakauke, kisha anamfunga vifungo vya shati.

"Haya mafuta mwanamke hatakiwi kuyagusa," mpimaji akasema. "Huwa imeandikwa kwenye boksi."

"Ni picha tu," kaka akaropoka. "Mwanamke amechorewa mstari. Nani angejua ni mambo makubwa hivyo?"

"Uliiona?" Wifi alimuuliza.

"Nikijipaka mwenyewe mikono inateleza. Nashindwa kushika vyuma."

Nilimzaba kofi. Sikulipanga, lilitoka lenyewe, na lilinipa raha ambayo sijawahi kuipata kanisani wala msikitini. Mama akanirukia. "Usimpige mwanangu! Umerogwa?"

Wifi hakutugeukia. Alikuwa na swali moja tu, na alimuuliza mpimaji kwa kunong'ona, maana siku hizo alinong'ona kila jambo. Akiacha kuyagusa, atarudi alivyokuwa?

"Ndevu zitapungua," akasema mpimaji. Alivua miwani. "Sauti ikishashuka hairudi, mama. Pole."

Nilimtazama Mama. Nilidhani, na nilikuwa mjinga kudhani, kwamba sasa atamwomba mkwewe msamaha, au angalau atanyamaza. Mama alikuwa anafikiri, na niliona uso wake ukikunjuka alipopata jawabu. Akanyoosha mkono kwenye boksi la glavu lililokuwa mezani, akachomoa mbili, akazilaza mapajani mwa wifi.

"Basi yamekwisha," akasema. "Hakuna wa kurudishwa kwao. Mwenzio ameshafika mbali na mwili wake, asije akaporomoka sasa. Kuanzia kesho utampaka na hizi."

Kaka alishusha pumzi. "Asante, Mama," akasema.

Wifi alizitoa mapajani, akazirudisha mezani, akachukua mkoba wake. Tukamfuata mpaka kwenye ukumbi, ambako wagonjwa walikuwa wamejaa kwenye mabenchi.

"Sasa wewe unakwenda wapi?" kaka akamfokea.

Wifi alisimama mlangoni. Safari hii hakunong'ona.

"Nakwenda kwetu," akasema.

Na watu wote kwenye mabenchi wakageuza shingo, wakimtafuta mwanamume aliyesema.