Mtoto Hapimwi kwa Tepu

Niiteni mwenye roho mbaya, sawa tu. Asubuhi ile Mlingoti alipokuwa anaondoka, mimi niliamka naimba.

Mlingoti ni jina nililompa mwenyewe, kwa urefu wake. Alikuwa mwalimu wa kike wa kujitolea, katoka nchi ya mbali kuja kufundisha hesabu shule iliyo nyuma ya duka letu la ushonaji. Mwalimu mkuu alipotafuta familia ya kumpokea, nani alikuwa wa kwanza kunyoosha mkono? Mama yangu. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu hakupewa jembe, alipewa chumba changu. Mimi nikahamia dukani, nikalala miaka miwili kati ya cherehani na magunia ya vipande vya vitambaa.

Chumba ningesamehe. Lakini "mwanangu"! Mama yangu si mtu wa maneno matamu. Mimi kwake ni "wewe", na siku akifurahi sana, "wewe binti". Mlingoti akirudi jioni, chaki mpaka kwenye nywele, utasikia, "Mwanangu, pole na kazi. Mwanangu, umekula?" Na mimi niliyeinamia vifungo tangu asubuhi, nilishiba upepo? Roho iliniuma, sifichi.

Kulikuwa na kitu kimoja tu kilichobaki changu. Mama humpima kila mtu kwa tepu: bibi harusi, mwalimu mkuu, hata dada yake wa tumbo moja. Mimi hajanipima hata siku moja. Huniangalia, huchukua mkasi, anakata, na nguo inanikaa kama nimezaliwa nayo. "Mtoto hapimwi," husema. Basi hilo ndilo lilikuwa "nakupenda" langu. Jingine sikuwahi kupewa.

Wiki ya mwisho akatandaza kitambaa cha bluu mezani ili amshonee Mlingoti gauni la kuagia. Mimi, kama kawaida ya kazi, nikachukua tepu nikamwite.

"Rudisha hiyo," Mama akasema. "Huyu naye ni wangu. Mtoto hapimwi."

Loo! Nusura nimeze pini nilizobana mdomoni. Nikarudi kwenye vifungo vyangu, nikamwombea huyo mgeni safari ije kesho, ije leo, ije sasa hivi.

Siku ikafika. Nje wanafunzi wamejipanga wanaimba, gari limeshafunguliwa mlango. Mlingoti akaingia nyuma ya pazia, akavaa, akatoka. Mungu wangu! Mabega yamemwagika, kiunoni wangeenea wawili, na gauni lililotakiwa kufika miguuni limeishia magotini. Nilicheka mpaka nikashika meza.

"Ni zuri, Mama," Mlingoti akasema. "Nimelipenda." Muongo mkubwa.

Mama akamzunguka. Akainua bega la gauni, akaliachia. Kisha akageuka kunitazama mimi, toka juu mpaka chini.

"Hili nimekukatia wewe," akasema taratibu. "Kichwani nilikuwa naye yeye, mikono ikakukatia wewe."

Jamani, utamu ulionipata siwezi kuuelezea. Nilitaka nitoke nje niwatangazie wale wanafunzi.

Mama akafanya ambalo fundi yeyote angefanya. Akachukua tepu. "Njoo nikupime," akamwambia.

Mlingoti alikuwa mtu wa nyumbani, hakuhitaji kuambiwa maana yake. Akasimama mbele ya kioo, akainua mikono pembeni wanavyofanya wateja. "Tuanze na bega, Mama?" akauliza, sauti ikamkatikia pale kwenye Mama. Mama alikuwa anahangaika na tepu, hamwiti mwanangu wala nani.

Nilikuwa nimeshinda. Si ndicho nilichokuwa nakiomba? Na sasa namwona mtoto wa watu amesimama kama mteja ndani ya nyumba aliyoiita kwao, na hasira zikanipanda, hata sijui nilimkasirikia nani.

"Mama, weka hiyo tepu chini!"

"Gari linangoja, wewe, hebu usinichanganye."

"Nimesema weka. Na wewe, vua."

Nikafumua mabega kwa wembe. Nikabana kiuno, nikapunguza bega la kushoto zaidi ya la kulia, maana mkoba wa madaftari ulishamshusha bega. Kipande cha bluu kilichobaki nikakiunga chini. Dereva anapiga honi. Mwalimu mkuu akachungulia, nikamwambia mkuu tuheshimiane, kuna watu wanavaa. Mlingoti alikuwa nyuma ya pazia muda wote huo, wala sikumwita anionyeshe chochote.

Akavaa. Likamkaa, tena likamkaa kuliko gauni lolote nililowahi kuvaa mimi, na hilo nalo likaniuma.

Tukamtoa nje. Wanafunzi wakamning'inia, mwalimu mkuu akamshika mkono asitake kuuachia. Mama akamkumbatia, akalia kwa sauti, "Mwanangu, mwanangu," na mimi nikageuza uso nikatazama ukuta. Mlingoti akanifuata hukohuko ukutani. "Kwaheri, dada," akasema. Nikamwekea kola vizuri.

Gari likakata kona. Watoto wakatawanyika. Mama akabaki amesimama kando yangu, anajifuta macho kwa ncha ya khanga.

"Wewe," akasema. "Yule ulimpima lini?"

"Kila siku, Mama," nikamjibu. "Kila ulipomwita mwanangu."